Risasi ya Furaha Si Yetu Kuisamehe

Katika mji wetu wa Tabora nikaha hufungwa msikitini, na harusi huonekana barabarani. Khutba ikishasomwa, walii akishaozesha na mume akishakubali, msafara wa magari hutoka, honi zikilia na vigelegele vikipokezana, ukapita chini ya miembe hadi nyumbani kwa bibi harusi. Hayo hatuyakatazi, kwani ndoa yatakiwa itangazwe. Lakini mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu tukabidhiwe ukatibu wa kamati ya msikiti, tumelazimika kuandika katika kitabu cha mihutasari neno ambalo hatukutarajia kuliandika humo: risasi. Twaileta kadhia hii katika kurasa za familia kwa sababu ilianza kama jambo la familia, ikatakiwa imalizwe kifamilia, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani wake.

Habari yenyewe ni fupi. Mjomba wa bibi harusi, mtu mwenye mali na mkono mwepesi wa kutoa, alikuwa katika gari la tatu la msafara. Anayo bastola anayoimiliki kwa kibali. Walipokaribia nyumbani alishusha kioo, akatoa mkono nje, akafyatua risasi mbili hewani huku gari likienda. Watu wakashangilia. Ya kwanza haikuonekana ilikoangukia. Ya pili ilitoboa bati la bibi mmoja mjane auzaye vitumbua, ikajikita katika ukuta wa udongo, shibiri chache juu ya mkeka ambao mjukuu wake hulalia kila adhuhuri. Siku hiyo mtoto alikuwa ametoka kwenda kuwatazama maharusi.

Jioni ile ile mjomba alikwenda kwa yule bibi, akaomba radhi, akaahidi bati jipya. Kesho yake akaja kwetu. "Ustaadhi," alisema, "ilikuwa furaha tu. Yule binti nimemlea mwenyewe tangu baba yake alipofariki. Andikeni kwamba tumepatana, yaishe." Tulimjibu, "Mzee wetu, radhi uliyoomba tunaishuhudia. Hayo mengine tupe siku tatu tuyatazame." Yapasa msomaji ajue pia kwamba mtu huyu ndiye aliyeahidi mabati ya madrasa yetu, na watoto wa madrasa hiyo wangali wakisoma chini ya mwembe.

Kamati ilipokutana, wazee wetu wawili walimtetea kwa historia, na historia yao ni ya kweli. Njia iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa njia ya bunduki kama ilivyokuwa njia ya pembe na ya nguo na, kwa masikitiko makubwa, ya watumwa. Msafara ulipokaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao nzuri, bendera ikatangulia, na bunduki zikapigwa hewani ili wenyeji wajue kwamba waliokuja ni wafanyabiashara wala si wavamizi. Hivyo ndivyo Burton na Speke walivyoingia Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Stanley naye alipofika Ujiji mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliamuru bunduki zipigwe, na watu wa mji wakatoka nje kwa mlio huo. "Basi mjomba kafanya nini," aliuliza mzee mmoja, "ila kile walichokifanya babu zetu kila walipofika nyumbani salama?"

Hatukumbishia. Tulimwomba tu atazame mambo mawili. La kwanza ni silaha yenyewe. Gobore la babu zetu lilishindiliwa kwa mdomo, na kwa salamu baruti peke yake yatosha kutoa mlio. Bastola anayoinunua mtu kwa ajili ya kujilinda imetiwa risasi kamili. Mlio wake hautoki bila kitu kutoka pamoja nao. Na kitu hicho kikipanda lazima kishuke. Mkono ulionyooshwa nje ya dirisha la gari linalokwenda juu ya barabara yenye mashimo hauelekei mbinguni moja kwa moja. Huinama, na kadiri unavyoinama ndivyo risasi inavyozidi kusafiri mbali ikiwa bado ina nguvu. Mnamo Julai 2007 timu ya taifa ya Iraki ilipotwaa Kombe la Asia, watu kadhaa walikufa kwa risasi za kushangilia. Waliozifyatua hawakuwa na ugomvi na mtu.

La pili ni kwamba katika nchi hii mlio wa bunduki haukuwahi kuwa na maana moja. Mwaka ule ule wa 1871, ambao Stanley alisalimia kwa bunduki, Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe walikuwa vitani, na bunduki zilizoletwa na njia ile ile ndizo zilizochoma vijiji vya pande zote mbili. Mnamo Januari 1893 Mtemi Isike, alipozingirwa na Wajerumani ndani ya boma lake hapa hapa Tabora, aliiwasha ghala yake ya baruti asikamatwe akiwa hai. Baba zetu waliosafiri kwa mabasi kuelekea Kibondo na Kasulu katika miaka ya majambazi wanaukumbuka mlio mwingine, ule uliofuatwa na amri ya kulala kifudifudi. Afyatuaye anajua moyoni mwake kwamba anafurahi. Anayesikia kutoka ndani ya nyumba hajui. Bibi muuza vitumbua alituambia kwamba aliposikia bati likipasuka alijitupa juu ya mkeka akimtafuta mtoto kwa mikono, akidhani yuko pale.

Mjumbe mmoja kijana akauliza swali lililokuwa vichwani mwetu sote: madhali hakuna aliyejeruhiwa, na mwenye bati amesamehe, limebaki kosa gani? Hapo ilitubidi kurudi kwenye vitabu tulivyovisoma chuoni.

Mtume, rehma na amani zimshukie, aliagiza kwamba yeyote apitaye msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari. Izingatieni vyema. Anayezungumziwa humo si mgomvi. Ni mpita njia mwenye nia njema, na mshale wake bado uko mkononi, haujaruka. Wajibu umemfika kabla ya dhara. Katika mapokezi mengine alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Basi sheria ya Mwenyezi Mungu haikungoja damu imwagike ndipo ihesabu kosa.

Na damu ikimwagika kwa bahati mbaya, bado haisemwi kwamba haikuwa kitu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameyagawa mauaji katika mafungu matatu: ya makusudi, yanayofanana na makusudi, na ya kukosea. Hata fungu hili la mwisho, ambalo muuaji hakulitaka kabisa, limewekewa hukumu katika Sura An-Nisaa, aya ya 92: dia itolewe kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na juu yake kafara ya kumwacha huru mtumwa, au asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Tazameni mgawanyo huo. Dia ni haki ya waja, na waja wanaweza kuisamehe. Kafara ni haki ya Allah, na jamaa wa marehemu, hata wakiwa na moyo mpana namna gani, hawana uwezo wa kuifuta. Kitendo kimoja kinaweza kubeba haki za wenyewe wawili, na msamaha wa mmoja haumsemei mwingine.

Huo ndio uliokuwa ufunguo wa kadhia yetu. Bati lilikuwa la bibi, naye alilisamehe. Lakini njia haikuwa ya bibi. Ile risasi ya kwanza ilipita juu ya nyumba ambazo wenyewe hawakuombwa radhi kwa sababu hawakujulikana. Nani angewasamehea hao? Wajumbe saba wa kamati ya msikiti, ambao mmoja wao anangoja mabati?

Katika nchi yetu mambo ya jinai hayahukumiwi kwa vitabu vya fiqhi bali kwa sheria za dola, nasi tulizisoma hizo pia, tukisaidiwa na wakili mmoja anayeswali nasi. Yafaa kila familia yenye silaha izijue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 89, inamwadhibu mtu anayefyatua bunduki kwa nia ya kuwatia watu hofu: kifungo cha mwaka mmoja, na kosa likitendwa usiku, miaka miwili. Mjomba atasema hakuwa na nia ya kumtisha mtu, na huenda mahakama ikamwamini. Lakini iko pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo kibali ni amana yenye masharti. Aliyepewa bastola ili ajilinde hakupewa ili aitumie badala ya ngoma.

Kutoka hapo adhabu hupanda haraka. Anayejaribu kumpiga mtu kwa risasi akikusudia kumdhuru vibaya, hata ikimkosa, kifungu cha 222 kinaweza kumfunga maisha. Anayesababisha kifo kwa kitendo kisicho halali, bila kukusudia kuua, naye anaweza kufungwa maisha. Anayeua kwa makusudi hukumu yake ni kunyongwa. Na kilichotushitua zaidi ni kifungu cha 200, kinachoeleza makusudi ni nini. Hakisemi chuki peke yake. Chasema kwamba mtu akijua kitendo chake yamkini kitaua au kudhuru vibaya, akakitenda bila kujali, hayo yahesabiwa makusudi, hata kama moyoni alitamani lisitokee. Afyatuaye kuelekea gari lililojaa watu, au kuelekea barabara iliyojaa, asitarajie kwamba kusema "sikutaka" kutamwokoa.

Wala dereva asidhani yeye yumo salama kwa kuwa mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Katika jimbo la California nchini Marekani, ambako magenge yalizoea kupigana risasi kutoka magarini, sheria imelitaja kosa hilo peke yake: anayempiga mtu risasi akiwa ndani ya gari hufungwa miaka 3, 5 au 7, na mwenye gari au dereva anayeruhusu kwa kujua naye ana kosa lake. Kwetu kosa hupimwa kwa nia na madhara zaidi kuliko kwa chombo, lakini kifungu cha 22 kinamhesabu anayesaidia au kuchochea kuwa mkosaji sawa na aliyetenda. Aliyepunguza mwendo ili mwenzake apate kufyatua vizuri amekwisha kuingia.

Watu wa Tabora, kuliko wengi, tungepaswa kuyaelewa haya bila kufundishwa. Tulikuwa bado wanafunzi wa sekondari mnamo Novemba 2006, habari zilipofika kwamba Mkuu wa Mkoa wetu, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, amekamatwa jijini Dar es Salaam, akituhumiwa kumuua kwa risasi dereva wa daladala barabarani baada ya magari yao kugongana. Mjini hapa watu hawakuamini. Mtu aliyekuwa akifungua mikutano yetu na kuhimiza amani mkoani alikuwa rumande kwa shitaka la mauaji, shitaka ambalo kwa sheria yetu halina dhamana. Baadaye lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, akapata dhamana, na mabadiliko hayo yakazua maneno mengi nchi nzima. Aprili 2008 alifariki mjini Morogoro, na kesi ikafa pamoja naye.

Hatumhukumu marehemu, mahakama haikumtia hatiani, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunachokikumbuka ni jinsi jambo lilivyokuwa dogo mwanzoni. Magari mawili hugusana kila siku katika foleni za Dar es Salaam, na aghalabu humalizika kwa matusi au kwa fundi wa kunyoosha bodi. Siku ile palikuwa na bunduki karibu. Familia moja ilimzika kijana wake, nyingine ilimzika mzee wake, na hakuna iliyosikia hukumu ikisomwa. Mtu ndani ya gari yumo katika joto, haraka na ghadhabu, naye hujiona amefunikwa na vioo kana kwamba hayumo miongoni mwa watu. Kumwongezea bastola ubavuni ni kumweka shetani karibu na mkono aliokwisha kutahadharishwa.

Ndipo tulipolifikia lililo zito zaidi, yaani mtu mwenyewe. Angekuwa mwendesha bodaboda aliyefyatua gobore la kuazima, tusingejadiliana siku tatu. Polisi wangeitwa kabla pilau haijapoa. Tulikumbushana kisa cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, na jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, amwombee. Mtume alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa wakiiba na kuwaadhibu wanyonge. Imamu wetu alitahadharisha, na ilikuwa haki yake, kwamba kisa kile ni cha hadi, na risasi ya harusini ni jambo la taaziri, ambamo mtawala ana nafasi ya kupunguza na kusamehe. Tulikubali. Lakini nafasi hiyo ni ya mtawala, si ya kamati. Sisi tungeweza kumwombea huruma mbele ya wenye mamlaka; hatukuweza kumficha wasimwone. Mwaka 2015 Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan, nchi iliyosumbuliwa sana na risasi za harusini, alitangaza kwamba hata mwanawe mwenyewe akifyatua achukuliwe hatua kama mwingine yeyote. Kama mfalme anaweza kulisema hilo juu ya mwanawe, kamati ya msikiti inaweza kulisema juu ya mfadhili wake.

Tulikwenda kwa mjomba watu watatu, usiku, baada ya Isha, ili asiaibike mbele ya majirani. Imamu alimweleza: hatutaandika kwamba yameisha, tutaandika kwamba bibi amesamehe bati lake, na kwamba wewe ulikwenda polisi kwa miguu yako. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Na mabati ya madrasa mnadhani nitayatoa mkinifanyia hivi?" Imamu akamjibu, "Hayo ni baina yako na Mola wako, mzee wetu. Sisi tumekuja kwa ajili ya risasi." Asubuhi ya tatu alitupigia simu tumsindikize. Alikabidhi silaha kituoni, akatoa maelezo yake, na jalada sasa liko mikononi mwa wanaohusika. Kamati iliandika barua ya kueleza tabia yake njema na radhi aliyoiomba, nayo imo ndani ya jalada hilo, kwani kumshuhudia mtu kwa wema wake ni wajibu pia.

Bati la bibi limekwisha kubadilishwa. Tulipokwenda kumpa habari alitukaribisha vitumbua, akasema, "Wanangu, mimi sikutaka afungwe. Nilitaka mtu aniambie kwamba haitarudi tena." Hilo ndilo msamaha wake peke yake usingeweza kumpatia.

Tangu hapo kila familia inayokuja kuandikisha nikaha kwetu husomewa mambo matatu kabla ya tarehe kuwekwa. Mwenye silaha aiache nyumbani, imefungiwa, siku ya harusi. Dereva wa msafara akiiona garini asimamishe gari na asiondoke mpaka irudishwe. Na walii ajue kwamba lolote litakalofyatuliwa katika msafara wake halitapatanishwa na kamati. Litapelekwa kunakohusika, awe aliyefyatua ni nani. Baadhi ya wazee wameona ni ukali. Mama mmoja aliyekuwa akimwozesha bintiye aliomba karatasi hiyo apewe nakala tatu, akazipeleke kwa kaka zake.

Ahadi ya mabati ya madrasa imesimama, na hatumlaumu aliyeisimamisha, sadaka hailazimishwi. Tumeanza kuchangishana upya, familia kwa familia, na hadi Ijumaa iliyopita tumepata ya kuezekea darasa moja kati ya mawili. Mvua za mwaka huu huenda zikatukuta na darasa la pili likiwa wazi. Watoto hao watahamia upande wa kwanza, wabanane, wasome kwa zamu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kusema haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na azihifadhi nyumba zetu, zenye kuezekwa na zisizoezekwa. Amin.